Robin Hood's Bay au Clovelly: ukiwa na bi mkubwa mwenye magoti mabovu, watoto wawili na siku mbili tu

Shemeji yangu anakaa Leicester, juzi usiku kanipigia, mama yake kaja kutoka Tanga kwa miezi miwili na kashachoka kukaa ndani anaangalia uzio wa jirani, anataka kuona bahari, ila sio ile ya Blackpool ya mabembea na mashine za kamari, anataka kijiji, kijiji chenye wavuvi na mashua. Sasa huyo bi mkubwa ndo mama mkwe wangu, kwa hiyo nikishauri vibaya lawama zitanifuata mpaka harusi ya mjukuu. Nikamwambia shem nipe siku moja nikuandikie, na kwa vile hili swali naulizwa kila ikifika kiangazi, bora niliandike mara moja tu na wengine wasome.

Vijiji ninavyoweza kuvisemea ni viwili. Robin Hood's Bay, huku Yorkshire upande wa mashariki, wenyeji wanakiita Bay tu, mi nakaa Leeds kwa hiyo nimeenda mara nyingi hata sihesabu. Na Clovelly, kule Devon kaskazini, kusini magharibi ya Uingereza, huko nimeenda mara mbili. Kwenye picha utadhani ni pacha, vyote vimening'inia kwenye jabali, nyumba zimebanana, vichochoro vya mawe, chini kabisa bahari, na magari ya wageni hayashuki. Ukifika ndo unaona tofauti.

Nianze na magoti maana ndo yatakayoamua safari yote.

Bay unapaki juu, kuna paking mbili za kulipia, halafu unashuka kwa mguu barabara moja kali sana mpaka ufukweni. Kushuka raha, unaona bahari mbele yako, unapiga picha, watoto wanakimbia. Kupanda sasa. Kuna sehemu zina ngazi na mabomba ya kushikilia lakini kilima ni kilima, nimeona mijanaume ya mazoezi imekaa kwenye ukuta inahema inajifanya inaangalia mandhari. Na mgeni hana njia nyingine ya kurudi juu zaidi ya miguu yake.

Clovelly mteremko wenyewe ni balaa zaidi, kutoka juu mpaka bandarini unashuka kama mita 120, njia yote ni mawe ya mviringo yaliyopangwa, yakilowa yanateleza kama yamepakwa mlenda. Ila wana kitu kimoja Bay hawana: kuna Land Rover inayopita njia ya nyuma, kipindi cha wageni inabeba watu kwa hela kidogo kati ya bandarini na juu. Yaani bi mkubwa anaweza kushuka taratibu kwa fimbo yake, akala samaki, akapandishwa kwa gari kama mkuu wa mkoa. Mara yangu ya pili nilikuwa na mzee mmoja wa kwetu mwenye kisukari, bila hiyo Land Rover sijui ningembebaje. Vaeni raba, kandambili ziacheni nyumbani, hili nalisema kwa uchungu.

Hela. Hapa ndo watu wengi wanakasirika. Kuingia Clovelly unalipa. Ndio, kuingia kijijini. Karibu pauni 10 mtu mzima, watoto pungufu, paking imo humohumo, na makumbusho mawili madogo na bustani ya jumba la mwenye kijiji imo pia. Mwenye kijiji? Ndio, kina mwenyewe. Familia moja inakimiliki tangu 1738, nyumba zote ni zao, wanaoishi mle ni wapangaji. Mara ya kwanza nililipa huku nanung'unika, nikasema huu ni ukabaila mtupu, karne gani hii. Halafu nikazungumza na mama mmoja aliyekuwa anamwagilia maua mlangoni, akaniambia sharti la kupanga pale ni uishi mwenyewe, hairuhusiwi kuchukua nyumba ukaifungia halafu unakuja wiki mbili za Agosti. Nikanyamaza.

Maana Bay ni bure, hulipi kuingia, unalipa paking basi, lakini nyumba nyingi za kule chini siku hizi ni za kupangisha watalii. Nenda jioni ya Novemba utembee vile vichochoro, madirisha giza, kwenye kila mlango kuna kale kakisanduku ka namba ka kuwekea funguo, unapita nyumba tano sita hakuna mtu anayepika. Mchana wa Agosti ukienda hutoligundua hilo, umati umejaa mpaka mnapishana kwa mabega. Sasa kipi bora, kijiji chenye kabaila kinachoishi watu au kijiji huru kilichojaa funguo za kwenye visanduku, mi sijui, bi mkubwa akifika atasema mwenyewe, yeye ni mtu wa Pangani hoja za ardhi haziachi.

Halafu wanyama. Clovelly kuna punda! Zamani ndo walikuwa wanapandisha samaki wa heringi kutoka bandarini na mizigo ya watu, leo wamestaafu, wanakaa kwenye zizi lao, watoto wanawashika pua na kupiga nao picha. Aliyefika Lamu atacheka, pale punda bado yuko kazini anabeba simenti, huku anabembelezwa kama bibi harusi. Mizigo ya Clovelly siku hizi inaenda kwa sleji, kama kitanda cha mbao kisicho na magurudumu, unaipakia masanduku ya soda, matofali, friji, unaiachia mteremko huku umeishika kamba kwa nyuma isikutoroke. Mlio wake juu ya yale mawe unausikia kabla hujaiona, krrrrr, watu wanajibanza ukutani inapita. Nilimwona kijana anashusha sofa. Sofa zima la watu watatu, na juu ya sofa kaweka mfuko wa mikate. Watoto wa shem wakikutana na hiyo watasahau simu zao siku nzima.

Upande wa historia ya utundu Bay inashinda mbali. Karne ya 18 pale ilikuwa magendo tu, chai, pombe kali, tumbaku, vyote vinatoka Ulaya bara vinapita bila kodi. Chai ya magendo! Kodi ya chai ilikuwa kubwa kiasi kwamba ililipa mtu kuhatarisha shingo yake. Nyumba zimebanana hivyo wanasema mzigo uliweza kutoka ufukweni mpaka juu ya kijiji ukipita nyumba kwa nyumba, kabati kwa kabati, bila kuona jua. Na kuna kijito kinachopita chini ya nyumba kwenye handaki, mdomo wake unauona pale chini mashua zinapopandishwa. Huyo Robin Hood mwenyewe, yule wa hadithi aliyewaibia matajiri akawapa maskini, hakuna ushahidi hata kidogo kwamba alikanyaga pale, msiwadanganye watoto.

Hadithi ninayoipenda mimi ni ya Januari 1881. Meli ya matanga iliyoitwa Visitor ilizama karibu na Bay kwenye dhoruba, mabaharia wako ndani ya kiboti kidogo wanaganda. Boti ya uokoaji iko Whitby, bahari imechafuka haipitiki, basi watu kama 200 na farasi 18 wakaiburuta hiyo boti nchi kavu kama maili 6 katikati ya theluji, wengine mbele wanachimba njia kwa koleo, wakafika Bay, wakaishusha kwa kamba kwenye barabara ileile unayoshuka wewe leo na chipsi mkononi. Wakawaokoa wote. Kila nikipanda kile kilima nikianza kulalamika naikumbuka hiyo boti.

Sasa maji, na hapa nawaombeni msikilize, wa pwani mtanielewa haraka kuliko wa bara. Ufukwe wa Bay upo maji yakipwa. Yakijaa hakuna ufukwe, bahari inapiga ukuta. Na ukuta wenyewe si wa mchezo, una kama mita 12 kwenda juu, ulimalizika 1975 kwa sababu jabali lilikuwa linamong'onyoka na nyumba zinaenda nalo. Tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua (yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) inakaribia mita 5, kwetu Tanga ni mita 3 na ushee hivi. Kutoka Bay ukitembea kusini kwenye mawe na mchanga kama maili moja hivi unafika Boggle Hole, kikorongo kizuri sana chenye hosteli ndani ya kinu cha zamani, wana chai na keki. Mi mwaka wa kwanza nikajifanya mtoto wa pwani, bahari naijua, nikaenda na binti yangu tukakaa tunakula keki, kutoka nje naona mawe niliyopitia hayapo. Yaani hayapo, yamemezwa. Tukarudi kwa njia ya juu ya jabali, ngazi na matope, binti ananiangalia tu haongei. Tangu siku hiyo ratiba ya maji naiangalia kabla hata ya hali ya hewa. Uzuri ratiba ziko kwenye simu bure, tafuta jina Whitby uone saa za kupwa, shuka masaa mawili kabla, na maji yakianza kugeuka wewe geuka.

Ndo ukibahatisha muda sahihi sasa, ufukwe wa Bay hauna mfano. Mwamba umejipanga matao matao kama maandazi yaliyokatwa, madimbwi yana kaa na samaki wadogo, na kuna visukuku. Amonaiti, viumbe vya bahari vya zama za Jura, vimejiviringisha kama konokono, vimegeuka jiwe. Hupigi mwamba kwa nyundo, unaokota vilivyoanguka. Siku moja binti yangu alikuta kimoja kama sarafu ya shilingi 200, kijivu, mistari yote inaonekana, akakilamba ili kiwe cheusi aone vizuri. Mpaka leo kiko juu ya friji. Ila msikae chini ya jabali lenyewe, mawe yanaporomoka bila kupiga hodi.

Clovelly ufukwe ni kokoto tu, watoto watazirusharusha majini na basi. Kinachovutia ni bandari, gati lake limepinda kama mkono unaokumbatia mashua, maji yakipwa mashua zinakaa chini zimelala ubavu kama zetu tu za Pangani, na kule kupwa ni zaidi ya mita 7 maana iko karibu na mlango wa Bristol Channel, sehemu maarufu duniani kwa hilo. Ukitembea kidogo kwenye kokoto kuna maporomoko ya maji yanashukia ufukweni, kama mvua ilinyesha yanapendeza.

Kuoga sahau kotekote. Agosti yenyewe Bahari ya Kaskazini ni nyuzi 14 15 hivi, Devon inazidi kidogo. Wazungu wanaingia. Bi mkubwa asiingie. Na huku Yorkshire kuna ule ukungu wa baharini, Leeds jua kali mmevaa fulana, mnafika Bay hamuoni hata mashua, baridi mpaka kwenye mifupa, kwa hiyo sweta hata Julai.

Kula. Waislamu hapa msome mara mbili. Yorkshire maduka mengi ya samaki na chipsi yanakaangia mafuta ya ng'ombe, ndo desturi yao na wanajivunia, kwenye ubao wanaandika beef dripping. Huyo ng'ombe hakuchinjwa kihalali. Mi nimekula miaka miwili nikidhani samaki ni samaki tu, mpaka jamaa mmoja wa Mombasa akanistua. Uliza kabla, yapo yanayotumia mafuta ya mimea, Whitby hukosi. Devon mafuta ya mimea ni ya kawaida zaidi ila uliza vilevile. Clovelly kaa na kamba wa pale ni wazuri, na Novemba wana sikukuu ya heringi. Whitby kuna banda la Fortune's, tangu 1872 wanakausha heringi kwa moshi, ukuta wa ndani umekuwa mweusi tii unang'aa kama lami, mama mkwe akinusa pale atasema hawa wanajua ng'onda. Beba pea mbili, ila gari litanuka mpaka Leicester.

Na shakwe. Kotekote. Ni ndege mwenye dhamira. Kaa umeegemeza mgongo ukutani, chipsi kifuani, usinyooshe mkono hewani unamwonyesha mtu kitu. Mi nilinyoosha, nikabaki na mkia wa samaki.

Vya jirani, hapa Bay inaikalia Clovelly kama unapenda mambo mengi. Whitby iko maili 6 tu: magofu ya abasia juu ya jabali, mahali palipoanzishwa utawa na Mtakatifu Hilda mwaka 657, ngazi 199 za kupanda (bi mkubwa abaki chini na aiskrimu, au mzungushe kwa gari mpaka paking ya juu), daraja linalofunguka kupisha mashua, na nyumba aliyokaa James Cook, yule nahodha mvumbuzi, akiwa kijana anajifunza ubaharia, sasa ni makumbusho. Treni ya moshi inatoka Pickering inapita milimani mpaka Whitby, nauli yake inauma lakini watoto hawatoisahau. Upande wa kusini kuna Ravenscar, maji yakipwa sili, wanyama wa baharini wanene, wanalala juu ya mawe kama magunia, ila njia ya kushuka ni ya wenye magoti mapya, wengine waangalie kutoka juu kwa darubini. Na kama kuna mpenda baiskeli, reli ya zamani ya Scarborough kwenda Whitby ilifungwa 1965, imebaki njia ya miguu na baiskeli kama maili 21, inapita Bay hapohapo.

Clovelly jirani zake wako mbalimbali na bila gari umekwama. Hartland Quay ni lazima, mwamba umekunjwa kama mkeka uliosukumwa ukutani, mistari inaenda juu chini juu chini, nilisimama pale nikasahau kula. Kuna Westward Ho!, mji wenye alama ya mshangao ndani ya jina lake, wana ufukwe wa mchanga mrefu, hapo ndo watoto wachezee. Kisiwa cha Lundy unakiona kutoka Clovelly siku ya jua, boti inatoka Bideford au Ilfracombe kati ya masika yao na Oktoba, kama masaa 2 hivi, lakini kwa siku mbili msijaribu, na mawimbi ya kule sio ya mtu aliyekula wali asubuhi.

Usafiri. Asiye na gari aende Bay, sijui nieleze vipi zaidi. Treni mpaka Scarborough kupitia York, halafu basi X93 linapita Bay linaenda Whitby, na tangu Januari 2025 nauli ya basi England haizidi pauni 3 kwa safari moja kwenye mabasi mengi. Kutoka Leeds kuna basi 840 mpaka Whitby moja kwa moja, linakata nyika nzima ya maua ya zambarau ikifika Agosti, 2018 lilipigiwa kura kuwa njia ya basi yenye mandhari nzuri kuliko zote Uingereza na mimi nakubali, kaa ghorofa ya juu mbele. Kwenda Clovelly ni treni mpaka Exeter, treni ndogo mpaka Barnstaple, basi tena, na Jumapili ujiombee. Kwa gari kutoka Leicester Bay ni kama masaa 3, Clovelly ni 4 na zaidi kama barabara ya M5 haijafungamana, na wikiendi za Agosti inafungamana.

Kwa hiyo shem, jibu langu kwako. Ungekuwa wewe na watoto tu ningesema Bay hata kabla hujamaliza swali. Ila kwa bi mkubwa, nendeni Clovelly, ondokeni Ijumaa alfajiri kabla ya foleni, hiyo ni siku ya barabarani tu siihesabu, laleni Bideford usiku mbili maana vyumba vya kule kijijini ni vichache na bei yake imechangamka, Jumamosi mfike getini mapema kabla mabasi ya watalii hayajamwaga watu, ashuke polepole akipumzika kwenye mabenchi, ale kaa bandarini, apande na Land Rover. Uliza kwanza kwa simu kama siku hiyo inatembea, usiende kwa kubahatisha. Jumapili asubuhi Hartland Quay, gari linafika mpaka chini, hashuki hata ngazi kumi, halafu nyumbani. Hizo pauni za kuingia mi nitakuchangia nusu, na usimwambie kama ni kiingilio, mwambie ni paking, akisikia kijiji kina mwenyewe atataka kuongea naye.

Bay nitampeleka mwenyewe akija Leeds mwezi ujao. Nimeshaangalia, Jumamosi ya pili maji yanakupwa saa nane mchana, tutapaki saa tano, yeye atakaa juu kwenye benchi na chupa ya chai ya tangawizi anaangalia bahari, mi na wajukuu tunashuka saa sita kamili.